Huo ukuta wa duka unaulipia wewe

Fundi mmoja wa cherehani alinijia kwenye saiba ninakochorea ramani hapa Ruring'u, futi yake ya kupimia nguo ikiwa bado inaning'inia shingoni. Mkononi alikuwa na nakala ya mchoro wa orofa ya chini ya ploti anakokodisha duka. Mchoro ulikuwa wangu.

"Kijana wangu, hii 179 umeandika hapa ni ya nini?"

"Ni ukubwa wa duka lako, mama. Futi za mraba."

"Haya. Mimi nimepima mara mbili. Inchi 118 kwa inchi 177. Nimezidisha na simu, nikagawa kwa 144, nikapata 145. Hizo zingine 34 ziko wapi?"

Nilimwambia labda amepima vibaya. Alicheka, akasema yeye hupima viuno vya watu wasiotulia kutoka asubuhi hadi jioni, kwa hivyo hawezi kushindwa na chumba ambacho kimesimama. Nikafungua faili ili nimwonyeshe kwamba amekosea. Dakika mbili baadaye nilikuwa nimenyamaza kama mtu aliyepigiwa simu na benki.

Nilikuwa nimepitisha mstari wa kupimia nje ya kuta. Ndani, duka lake ni mita 3 kwa mita 4.5, yaani mita 13.5 za mraba, ambazo ni futi 145. Alikuwa sawa kabisa. Ukiongeza ukuta wa milimita 200 kila upande, ule ambao mafundi wetu huuita wa inchi nane, unapata mita 3.4 kwa 4.9. Hapo ndipo ilipotoka ile 179. Ukipima hadi katikati ya kuta, unapata 162. Duka ni lile lile, cherehani ni ile ile, na namba ni tatu.

Sasa tuitie pesa. Tuseme mwenye ploti anatoza shilingi 80 kwa kila futi ya mraba (nimechagua 80 ili hesabu isituchoshe, usianze kubishana na mimi kuhusu bei za Nyeri). Kwa futi 145, kodi ni 11,600. Kwa 162 ni 12,960. Kwa 179 ni 14,320. Kati ya ya kwanza na ya mwisho kuna shilingi 2,720 kila mwezi, 32,640 kila mwaka. Hiyo ni pesa ambayo mtu anashona sketi za shule mpaka macho yanauma ili alipie mawe ambayo hawezi hata kuegemeza kabati ndani yake.

Na mimi ndiye niliyeiandika hiyo namba. Sikuiandika kwa ubaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Ilitokea hivi. Kabla ya ujenzi, mwenye ploti alitaka kujua gharama. Kwa makadirio ya gharama unapima jengo kutoka nje, kwa sababu kuta pia zinajengwa na zinagharimu. Nikachora mistari yangu kwenye AutoCAD, nikapata ukubwa wa kila chumba na kuta zake, nikaandika namba katikati ya kila duka. Kwa kazi hiyo namba ilifaa. Jengo likaisha. Mwenyewe akachukua ile karatasi ya zamani, akaitumia kutafutia wapangaji. Hakuna aliyeniuliza namba ile ilipimwa vipi, na kwenye mchoro sikuwa nimeandika. Iliandikwa "DUKA 4, futi 179" na basi.

Baada ya yule mama kuondoka nilifanya hesabu nyingine ambayo ningepaswa kuifanya siku ya kwanza. Maduka ni sita, yamepangwa mstari mmoja. Jengo lote, ukipima kutoka kona ya nje hadi kona ya nje, ni mita 19.4 kwa 4.9, takriban mita 95 za mraba. Lakini ukijumlisha maduka sita kama nilivyoyaandika unapata karibu mita 100. Maduka yalikuwa makubwa kuliko jengo yaliyomo! Kila ukuta kati ya duka na duka nilikuwa nimeuhesabu mara mbili, mara moja kwa jirani wa kushoto na mara moja kwa jirani wa kulia. Jumla ya hayo ni karibu futi 53 za mraba ambazo hazipo popote duniani. Kwa ile bei yetu ya shilingi 80, ni zaidi ya shilingi 4,200 kila mwezi za kitu ambacho hakikujengwa.

Kwa hivyo wacha niseme ninachotaka kusema, halafu tuendelee kubishana: hakuna namba ya eneo la mpangaji inayopaswa kutoka kwenye kompyuta ya mtu yeyote bila maneno machache chini yake yanayosema imepimwa kutoka wapi hadi wapi. Ndani ya plasta, katikati ya ukuta, au nje ya ukuta. Maneno mawili matatu tu. Bila hayo, futi 179 si kipimo, ni bei iliyovaa koti la kipimo.

Najua kuna mtu hapo anasema tatizo ni AutoCAD, hamia Revit, dunia imesonga. Nimehamia, na bado nina maneno.

Ni kweli kwamba AutoCAD inakuruhusu kuwa mvivu. Ukichapa namba kama maandishi ya kawaida, inabaki hivyo hivyo hata ukisogeza ukuta nusu mita. Nimewahi kuona mchoro ambao ngazi zilihamishwa zikala robo ya ofisi, na ile ofisi ikaendelea kujivunia ukubwa wake wa zamani. Kuna njia ya kuiunganisha namba na mstari ili ibadilike yenyewe, ila wengi wetu tulijifunza programu hii kwa kuangalia bega la mwenzetu, na bega la mwenzetu halikuwa linajua.

Revit ni tofauti. Unachora mipaka ya eneo juu ya kuta, unaweka eneo, na lebo inajisomea namba yenyewe. Mpaka ukiwa na mwanya, inakwambia wazi kwamba eneo halijafungwa na inakataa kukupa namba. Unaweza kumpa kila mpangaji rangi yake, jina lake na namba yake ya duka, kisha ukatoa jedwali lenye jumla. Mtu akisogeza ukuta, jedwali linajirekebisha. Hiyo ni raha.

Lakini hebu tazama kinachofanyika ndani. Ukianza mradi mpya, programu inakupa mifumo miwili ya kupima tayari: mmoja wa jengo lote kwa jumla, mwingine wa maeneo ya kukodisha. Ukichagua ule wa kukodisha na kuiruhusu ifuate kanuni zake, inaamua yenyewe ukuta ni wa nani. Kati ya ofisi mbili za wapangaji, inaweka mpaka katikati ya ukuta. Ofisi ikiwa na dirisha linalozidi nusu ya urefu wa ukuta wa nje, mpaka unasogea hadi kwenye kioo. Nani aliamua hivyo? Kanuni hizo zinafuata desturi ya kupima majengo ya ofisi Marekani, ambako chama cha wamiliki na wasimamizi wa majengo kinachoitwa BOMA kilitoa kiwango chake cha kwanza mwaka 1915. (Sisi hapa tukisikia boma tunafikiria Boma Yangu na nyumba za serikali. Wao wanafikiria orofa za vioo.) Katika desturi hiyo, hata korido na choo cha pamoja hugawanywa na kurundikwa juu ya wapangaji kulingana na ukubwa wa kila mmoja.

Sisemi ni vibaya. Wao angalau wanajua wanachofanya, na mikataba yao hutaja kiwango kilichotumika. Shida ni kijana kama mimi, ameketi Ruring'u na programu iliyotengenezwa akilini mwa mtu wa Chicago, anabonyeza kisanduku kimoja bila kujua kwamba amempa mpangaji wa Nyeri nusu ya ukuta alipie. Kompyuta haikosei hesabu. Inajibu tu swali ambalo hukujua umeuliza.

Waingereza nao wana zao. Kipimo chao cha eneo halisi la matumizi huacha nje nguzo, ngazi, vyoo na kuta zinazobeba jengo. Halafu mwaka 2014 mashirika ya nchi nyingi yalikaa pamoja yakatoa kiwango cha kimataifa cha kupima majengo ya ofisi, kwa sababu ofisi moja ilikuwa na ukubwa huu ikitangazwa mji huu na ukubwa mwingine ikitangazwa mji ule. Wakati huo ulitajwa sana utafiti wa kampuni ya JLL uliosema kwamba ukubwa wa jengo unaweza kutofautiana hadi asilimia 24 kutegemea njia ya kupima. Nilipousoma nikarudi kwenye duka la yule mama: kutoka 145 hadi 179 ni kama asilimia 23. Wale walikuwa wanazungumzia mabilioni ya dola, na hapa ni cherehani moja na meza ya kupigia pasi, lakini ukuta ni ukuta.

Sasa, upande wa mwenye ploti. Nilimpelekea hesabu zangu. Ni mzee ninayemheshimu, ndiye aliyenipa kazi ya kwanza wakati hakuna mtu angempa mchoro mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo bado nalifikiria.

"Hizo kuta nilijenga na pesa ya nani?"

Ana hoja. Akaongeza kwamba nikimlazimisha apime ndani, atapandisha bei ya futi kutoka 80 hadi 99 na kodi itabaki pale pale. Nilipiga hesabu, na kweli, 145 mara 99 ni 14,355. Kwa hivyo kuna faida gani?

Faida ni kwamba mpangaji ataiona. Ploti ikisema futi ni 99 na ya jirani ikisema 85, na zote zimepimwa ndani ya plasta, yule mama anajua ni ipi ghali. Leo ploti inayosema 80 inaonekana rahisi kuliko inayosema 90, kumbe ya 90 imepimwa ndani na kwa duka la ukubwa ule ule ingemtoza 13,050. Anakimbilia ya 80 akidhani ameokoa pesa. Mwenye ploti mwaminifu anakosa wapangaji kwa sababu ya uaminifu wake. Kama unataka kutoza 99, toza 99, ni jengo lako. Ila iseme kwa mdomo, usiifiche ndani ya mawe.

Na kuna jambo moja ambalo nalisema kwa upole kwa sababu ya heshima. Mteja akikadiriwa ada za kuidhinishiwa ramani, ambazo kaunti hufuata ukubwa wa jengo, huniomba nihakikishe namba haijafura. Akienda kutafuta wapangaji, anataka ifure. Jengo linakonda likienda ofisi ya kaunti na kunenepa likirudi barabarani.

Mtu atauliza, kwani hakuna anayekagua? Michoro yangu hupitia kwa msanifu aliyesajiliwa kabla ya kugongwa muhuri, na anaikagua kweli: mwanga, hewa, umbali kutoka mpaka wa ploti, ngazi, maji taka. Ameshanirudishia kazi mara nyingi nikaona aibu. Lakini namba ya kukodishia si kazi yake, wala ya kaunti. Inatokea baadaye, kwenye fotokopi, kati ya mwenye ploti na keateka. Ni namba ambayo haina mwenyewe.

Na usidhani ni jambo dogo la duka moja. Maduka mengi ya mitaa yetu, hoteli ndogo na vibanda vya chakula, yanalindwa na sheria ya wapangaji wa biashara, Sura ya 301, ikiwa hakuna mkataba wa maandishi au mkataba hauzidi miaka 5. Ugomvi wa kodi ukifika kwenye mahakama maalum ya kodi za majengo ya biashara, wathamini huja na ripoti zinazolinganisha duka na duka kwa futi za mraba. Kama futi za duka langu zimepimwa nje na za jirani zimepimwa ndani, hata mthamini mwaminifu atafanya hesabu safi juu ya uchafu. Na upande wa nyumba za kununua, sheria ya mwaka 2020 inayompa mtu hatimiliki ya nyumba yake ndani ya ghorofa inataka ramani inayotaja ukubwa wa kila nyumba. Ramani hiyo huandaliwa na mpimaji kutokana na michoro ya jengo iliyoidhinishwa. Yaani ile michoro tunayochora sisi.

Kwa wale mnaoishi kwenye bedsita na mnadhani haiwahusu kwa sababu mnalipa bei moja ya chumba: ni kweli kodi yenu haiandikwi kwa futi. Lakini angalia tangazo la kwenye simu linalosema chumba kina ukubwa fulani, kisha ununue kitanda cha futi tano kwa sita. Mimi nimewahi kusaidia rafiki kupitisha godoro jipya kwenye korido ya ploti fulani hapa juu ya uwanja, tukaishia kulirudisha dukani.

Mambo yaliishaje na yule mama? Si vile ningependa. Mzee hakupunguza kodi. Alichofanya ni kuondoa namba. Mkataba mpya unasema "duka namba 4" na kodi ya mwezi, hakuna futi, hakuna mita. Kwa upande mmoja angalau hakuna uongo tena. Kwa upande mwingine, yule mama hana tena kitu cha kushikilia akitaka kulinganisha. Mimi naona amerudishwa nyuma, yeye anasema afadhali, kwa sababu mwaka huu hakuongezewa kodi kama maduka mengine matano, na anashuku ni ile futi yake iliyomtisha mzee. Pengine. Nilimpa hesabu yangu iliyopigwa chapa, ameibandika ukutani nyuma ya kioo cha kujaribia nguo.

Kwangu mimi nimebadilisha vitu vitatu tu. Kila faili sasa ina mistari miwili kwa kila duka, mmoja wa ndani na mmoja wa nje, kwenye rangi tofauti, na sichanganyi. Kila jumla ya maduka naipima dhidi ya jengo lote, na maduka yakizidi jengo najua nimelewa. Na chini ya kila lebo naandika, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo fotokopi haiwezi kumeza: "imepimwa ndani ya plasta, nguzo zimetolewa", au chochote kilicho kweli kwa mchoro ule. Inachukua sekunde kumi. Ukiwa na lebo iliyotengenezwa vizuri inachukua sekunde sifuri, inajiandika.

Nawe unayetafuta duka, kabla ya kutoa diposti, omba mchoro na uulize hilo swali moja. Akikwambia hajui, nenda na futi. Ya fundi cherehani inatosha, ina inchi 60, utaisogeza mara mbili au tatu hivi kila upande.

Wiki hii nina kazi ya Skuta, maduka manane na ofisi juu. Mwenyewe alipiga simu jana usiku, amependa kila kitu, rangi, ngazi, maegesho. Ana ombi moja: hayo maneno chini ya namba yanachafua mchoro, naweza kuyatoa? Nimemwambia naweza kuyafanya madogo kidogo. Kuyatoa, hapana. Bado hajanijibu, na nusu ya malipo iko kwake.